Mchunga Samaki wa Nyasho

Shemeji yangu Boniphace Keraryo hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za nyumba yake pale Nyasho, Musoma mjini, wanadhani ni mtu wa ziwa. Si mtu wa ziwa hata kidogo. Alizaliwa upande wa Buhemba, akakua akifuata mikia ya ng'ombe wa baba yake, na mpaka anafikisha miaka ishirini alikuwa hajaingiza mguu kwenye maji yanayopita magoti. Watu wa ziwa ni sisi. Mimi Kasmiri na dada yangu Hyasinta, aliyemwoa, tumezaliwa Majita, kijiji ambacho mtoto anajua kumparua sato kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Alikuja kujitambulisha kwetu mwaka themanini na nne. Nchi ilikuwa imekauka. Sukari tuliisikia redioni, nguo tulifulia majani ya mpapai, na aliyekuwa na viatu viwili vinavyofanana aliitwa tajiri. Samaki ndiye pekee aliyepatikana bila kupanga foleni. Baba yetu, mzee Leodgar, akamwandalia mgeni kichwa cha sato, kichwa kizima na macho yake, maana kwetu hakuna heshima inayozidi hiyo. Boniphace akakitazama kichwa, kichwa nacho kikamtazama. Jasho likaanza kumtoka kwenye masikio. Akamega, akameza, akamega tena, kisha akaomba ruhusa ya kutoka nje. Mimi, kwa ushenzi wangu, nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya migomba anairudisha heshima yote ardhini.

"Shemeji, usiniseme," alinong'ona huku anajifuta. "Sisi kwetu samaki tunaonaga kama nyoka tu."

Sikumsema siku ile. Nilisubiri siku ya harusi nikamsema mbele ya watu mia mbili. Lakini ng'ombe kumi na wawili alikuwa ameshaleta, wote wanene, na baba alisema mtu anayeleta ng'ombe wanene namna ile mwaka wa njaa haangaliwi anakula nini.

Wakati huo Boniphace alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha pamba huko Bunda. Pamba ilipodorora, kinu kikalala, naye akalala nacho. Halafu ikaja ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara yake, na Musoma pakaanza kuota viwanda vya minofu ya sangara. Nikampeleka kwenye kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi. Basi mtu asiyekula samaki akaajiriwa na kiwanda cha samaki! Walimweka upande wa barafu, kwenye mitambo, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia aonje. Mimi nilikuwa mezani na kisu, nachuna sangara kuanzia asubuhi mpaka mgongo ugome.

Mkuu wa mitambo alikuwa Mholanzi mmoja mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wapakiaji, kwa hiyo alianza kujua matusi kabla ya salamu. Jina lake tulilikata tukabaki na Bwana Henki. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya kampuni kule Mukendo. Na starehe yake, nisaidieni kucheka, ilikuwa samaki. Tulikuwa tunapitisha tani za samaki kwa siku, sisi tukitoka hapo hatutaki hata kusikia harufu, yeye anakwenda nyumbani anavuta kiti, anakaa mbele ya sanduku la vioo kuangalia samaki wengine.

Mwaka tisini na tano alirudi kutoka likizo Ulaya na boksi jeupe alilolibeba mapajani tangu uwanja wa ndege wa Mwanza. Ndani mlikuwa na mifuko ya plastiki, na ndani ya mifuko samaki wawili ambao sikuwahi kuwaona tangu nizaliwe. Walikuwa bapa, mviringo, wana madoa mgongoni kama chapati iliyoiva vizuri, macho yako juu na mdomo uko chini, upande wa tumbo. Nyuma wana mkia, na juu ya mkia mwiba. Watu wa pwani wanaye mwenzao baharini, wanamwita taa. Ila hawa hawakuijua chumvi, Henki alisema. Ukoo wao ulitoka kwenye mito ya Amerika ya Kusini. Mtaa mzima ukawaita chapati, jina likaganda.

Jumapili moja mota ya kupulizia hewa ikafa, Henki akamwita Boniphace aje aitengeneze. Aliitengeneza kwa nusu saa. Alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Hyasinta alimuuliza alikuwa wapi, akajibu alikuwa anaangalia.

"Unaangalia nini?"

"Ile jike. Ukigonga kioo inakujaga yenyewe, Mama Susana. Inakula mkononi. Inakujua."

Tangu siku hiyo Jumapili zake ziligawanyika, asubuhi kanisani, mchana Mukendo. Aliwapa majina kama anavyowapa ng'ombe, kwa rangi zao. Jike akamwita Madoa, dume akamwita Kijivu. Nilimuuliza imekuwaje leo nyoka amekuwa rafiki. Akanitazama kama anamtazama mtu mgumu wa kuelewa. "Shemeji, mimi nilisema silagi samaki," alisema. "Ng'ombe wa mtu nayo silagi."

Mapema mwaka tisini na saba mkataba wa Henki ukaisha. Siku ya kuondoka tulikwenda kumuaga, akatuonyesha lile sanduku la vioo, akampiga Boniphace begani. "Boniphace, chukua hizi. Nitunzie mpaka nirudi."

Hapo sasa inabidi nieleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wote uliofuata, kama ni ujinga. Kwao Boniphace mtu hafugi ng'ombe wake wote boma moja. Ugonjwa ukiingia au wezi wakija, umekwisha. Kwa hiyo unawagawa, huyu kwa rafiki yako wa Butiama, huyu kwa mwenzako wa Ikizu. Hiyo wanaita kuwekesha. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa, anatumia mbolea, lakini mnyama si wake. Hauzi, hachinji, hatoi mahari. Akizaa, ndama anahesabiwa kwa mwenyewe. Akifa, ngozi inapelekwa kwa mwenyewe, aione kwa macho yake. Na mwenyewe akija siku yoyote, hata baada ya miaka kumi, anapewa hesabu yote, kisha mchungaji anapewa ndama mmoja awe haki yake. Mtu aliyeshindwa kutoa hesabu hiyo, kwao ni heri angeshikwa kwa wizi, wizi utasahaulika.

Basi Henki alisema lile neno akitabasamu, kama mtu yeyote anayeaga. Boniphace hakutabasamu. Alinivuta mkono nisogee.

"Kasmiri, wewe ni shahidi," alisema. "Bwana Henki, onyesha moja moja."

Henki akacheka, akaonyesha. Boniphace akataja alama zao: Madoa, jike, doa moja limekatika ubavu wa kushoto. Kijivu, dume, pembeni ana kovu dogo. Umesikia? Nikasema nimesikia. Nilikuwa najibana nisicheke.

Kuhamisha lile sanduku kutoka Mukendo mpaka Nyasho ilikuwa kazi ya wanaume wanane na mkokoteni mmoja, na watoto wote wa njiani wakiimba nyuma kama msafara wa bwana harusi. Urefu wake ulikuwa wa kitanda cha futi sita, upana wake mlango ulikataa. Tukang'oa fremu ya mlango. Lilipoingia sebuleni, sebule ikaisha. Dada yangu alikuwa amepanga miaka mitatu kuweka makochi hapo, yale ya vitambaa vyekundu yaliyoanza kuonekana madukani. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaangalia mume, akaangalia vioo.

"Baba Susana," alisema, "sasa wageni wakija watakaa ndani ya maji?"

Wageni walikaa kwenye mikeka, na walikuja wengi. Nyasho nzima ilipita pale kuona chapati. Boniphace aliwahudumia wale wanyama kama aliyesomea. Maji ya bomba aliyalaza kwenye mapipa siku mbili ili dawa iishe. Mchanga aliuchota ziwani, akauchekecha kwa chekecheo la unga la Hyasinta, akauosha mara saba, maana samaki hawa wanajifukia mchangani na jiwe kali linawakata tumbo. Asubuhi alichimba nyungunyungu nyuma ya choo, jioni aliwakatakatia vipande vya sangara. Mtu aliyetapika sato kwa mkwewe alikuwa anakata minofu midogo kama anamlisha mtoto!

Mimi nilikuwa nakuja kumkosoa. Nani angenifundisha samaki? Siku moja mbele ya majirani nikasema nitawaonyesha jinsi samaki anavyoshikwa. Boniphace akanionya, mkia usiuguse. Nikamwambia nyamaza, mchunga ng'ombe. Nikaingiza mkono. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilipiga kelele kwa Kijita, kwa Kiswahili, na kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Hyasinta ndiye aliyeniokoa kwa kuutumbukiza mkono wangu kwenye maji ya moto, kama tunavyofanyaga kwetu mtu akichomwa na gogogo, yule samaki wa ziwani mwenye miiba. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema; mimi uliota mkono, wiki nzima sikushika kisu.

Miezi michache baadaye Madoa akaanza kuvimba. Mgongo uliinuka, akawa mzito, akawa analala pembeni peke yake. Safari hii niliitwa rasmi, na moyoni nilifurahi kidogo kwamba hatimaye mtaalamu anahitajika. Nikainama, nikatazama, nikatoa hukumu.

"Huyu anakufa. Mmemlisha sangara kupita kiasi, mafuta yamejaa tumboni. Mimi nimeona samaki za namna hii mara nyingi. Mwachie ziwani akafie huko."

Boniphace alikuwa amepiga magoti, uso umegusa kioo. Hakunigeukia.

"Ziwani? Shemeji, ni wewe unasema hivyo? Sangara nayo si ilikujaga mgeni? Furu zenu ziko wapi?"

Furu tuliwala utotoni mpaka tukawachoka, wadogo, watamu, wa kila rangi, lakini sangara wamewamaliza, na sasa ukitaka kumwonyesha mtoto furu inabidi umchoree. Hilo lilinichoma kuliko ule mwiba.

"Tena hii siyo ugonjwa," aliendelea. "Ina mimba. Angalia hapa ubavuni. Ndama inacheza."

Nilicheka, ndugu zangu. Niliwaambia majirani wote wacheke. Samaki anataga mayai! Hata sato anayebeba watoto mdomoni, anaanza na mayai. Mimba ya ndama ndani ya samaki ni mawazo ya mtu aliyekunywa maziwa mengi. Nikasema mbele yao wote kwamba samaki huyu akizaa, mimi Kasmiri mwana wa Leodgar nitakwenda Buhemba kuchunga ng'ombe wa mzee Keraryo, baba yake Boniphace, mwezi mzima.

Alizaa Jumatano. Watatu, wazima, kila mmoja kama kisahani cha kikombe, wana madoa yao na vimkia vyao, wakatua mchangani na kujifukia kana kwamba wamefundishwa. Boniphace alimtuma tu binti yake Susana aje kuniuliza kama nina fimbo au nitafutiwe.

Mwezi ule niliuchunga. Sitaueleza wote. Nitasema tu kwamba ng'ombe watano walinikimbia siku ya kwanza, na mzee Keraryo, ambaye ni mwembamba kama fimbo yake na anacheka bila kutoa sauti, alinipa mtamba mdogo wakati naondoka. Alisema mtu anayetimiza neno lake la upuuzi atatimiza na la maana.

Halafu zikaja mvua za Elinino. Barabara zilikatika, nguzo zikaanguka, umeme ukaenda ukasahau njia ya kurudi. Mota ya hewa ikanyamaza. Boniphace akafunga mpira kwenye pampu ya baiskeli, akaanza kupuliza maji kwa mkono. Alipuliza, Hyasinta akampokea, nikampokea Hyasinta, majirani wakatupokea. Tulipuliza siku tatu. Jirani yetu Bhoke alikuja na mtoto mgongoni akapuliza huku anaimba. Vitoto tuliwagawa kwenye mabeseni, tukawa tunawamwagia maji kwa jagi kutoka juu. Siku ya tatu mchana Kijivu alipoteza rangi, akajikunja ukingoni, akafa. Kitoto kimoja kikamfuata.

Boniphace alilia. Nasema wazi, alilia mbele yetu na pampu iko mkononi. Kisha akajifuta, akaomba kisu changu cha kazi. Nilidhani anataka kumzika. Akamchuna. Alimchuna taratibu kuzunguka mwili wote, akabakiza mkia na mwiba wake, akaipaka ngozi chumvi, akaiwamba kwenye ubao kwa misumari midogo, kama wanavyowamba ya ng'ombe. Na ya kile kitoto pia, ubao mmoja.

"Baba Susana, umechanganyikiwa?" Hyasinta aliuliza kwa upole sana, na upole wa dada yangu ni jambo la kutisha.

"Mwenyewe akija ataniuliza. Nitamwonyesha nini?"

Ndipo nilipotambua kwamba mwenzetu hajawahi kucheza. Kwake Henki alikuwa anarudi, na kuna siku mtu mmoja atasimama mbele ya mwingine kutoa hesabu.

Kijivu alikuwa ameacha mimba. Mwaka ule ule Madoa alizaa wawili zaidi, mmoja akafa, ngozi yake ikapanda ubaoni. Kwa wale wadogo Boniphace alijenga birika la saruji uani, akalifunika wavu kwa sababu ya paka.

Mwaka tisini na tisa Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, na kiwanda chetu kikazima mitambo. Tulirudishwa nyumbani mimi, Boniphace na wenzetu wote. Hapo ndipo alipotokea Isidori. Huyu alikuwa na baa kubwa pale Bunda, karibu na mabasi ya Mwanza na Musoma yanaposimama, na alikuwa mtu mwenye jicho la biashara. Aliwaza abiria watakavyojazana kuona chapati inayoogelea. Akaja Nyasho na gari, akakaa kwenye mkeka, akaweka maneno mezani ingawa meza haikuwepo.

"Nipe hiyo kubwa pamoja na watoto. Mimi nakuletea televisheni ya rangi, na makochi seti nzima. Kesho kutwa."

Hyasinta aliinua macho. Niliona makochi yale yakiwaka ndani ya macho yake, mekundu.

"Siyo mali yangu," Boniphace alijibu. "Ningekuwa nayo ningekupa. Hii ni ya kuwekeshwa."

Isidori alirudi mara tatu. Mara ya tatu, alipoondoka, dada yangu alilipuka. Alisema mzungu ameshasahau hata jina la Musoma. Alisema ameandikiwa barua tatu hajajibu hata moja. Alisema watoto wanakunywa uji mtupu na samaki wanakula nyungunyungu wanono. Na mtaani wanamwita mchungaji wa chapati, je, anajua? Boniphace alikuwa anajua.

"Mama Susana, baba yangu alikaa na ng'ombe ya mtu miaka kumi na moja. Mwenyewe alikuwa ameenda vitani, watu walisema amekufa. Akarudi. Mimi nilikuwa mtoto, niliona ile siku. Nataka na mimi niione."

Dada yangu alikwenda jikoni. Hakurudia tena maneno yale, ila alianza kukaanga maandazi ya kuuza, na alikuwa anamkaushia mumewe siku nyingi. Sikumlaumu, hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa makochi.

Bwana Henki alirudi mwaka elfu mbili na moja. Kiwanda kilikuwa kinafufuliwa, akaitwa kwa wiki moja kukagua mitambo. Habari zilimfikia Boniphace asubuhi, saa nne alikuwa mlangoni kwangu amevaa suti ya harusi yake, ile ile ya themanini na nne, mikono imemwishia katikati. Kwapani alishika kitu kilichofungwa gazeti.

"Twende, shahidi."

Tulimkuta Henki hotelini anakunywa chai. Alituona akasimama, akafurahi, akatukumbatia, akamwaga matusi yake ya zamani ya mapenzi. Boniphace alingoja amalize. Akafungua gazeti, akazipanga ngozi juu ya meza, moja kubwa na mbili ndogo, kavu, ngumu, zimenyooka.

"Bwana Henki, uliniachia mbili. Dume Kijivu alikufa wakati wa Elinino, umeme ilikatika siku tatu, ngozi ni hii, kovu lake hili. Jike Madoa yupo. Amezaa mara mbili, watoto watano. Wawili wamekufa, ngozi zao ni hizi. Watatu wapo. Hesabu yako ni mama na watoto watatu. Kasmiri ni shahidi."

Henki alizitazama zile ngozi muda mrefu. Aligusa kovu la Kijivu kwa kidole. Akachukua kofia yake, Boniphace akazifunga tena ngozi, tukaondoka wote kwenda Nyasho.

Nyumbani aligonga kioo. Madoa akatoka mchangani, mkubwa sasa kama sinia la pilau, akapita mbele ya mkono wa Henki, akaenda kutulia chini ya mkono wa Boniphace. Mholanzi akakaa chini kwenye mkeka, miguu yake mirefu imejaa chumba.

"Lakini Boniphace," alisema taratibu, anatafuta maneno. "Mimi nilikupa. Ile siku. Zilikuwa zako. 'Mpaka nirudi' ni... watu wanasema tu. Ni kuaga."

Nikamwangalia dada yangu na nikaogopa.

"Zilikuwa zake?" Hyasinta aliuliza. "Tangu ile siku?" Kisha akaanza kucheka. Alicheka akishika ukuta, akicheka huku machozi yanashuka, anataja kimoja kimoja. "Televisheni! Makochi! Chekecheo langu! Jamani, miaka minne nakaa kwenye mkeka, kumbe mzungu alikuwa anaaga tu!"

Boniphace hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya suti yake fupi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona ana aibu, kama mtu aliyekwenda kwenye msiba akakuta ni harusi. Nilitaka kumwambia neno lakini alinitangulia.

"Hapana," alisema. "Wewe ulisema mpaka nirudi. Shahidi alisikia. Kama ingekuwa yangu, Bwana Henki, ningeuza mwaka ule kiwanda kilipozima, njaa ilipoingia. Watoto wangu walikuwa hawana sukari, ningekataaje? Ziko hai kwa sababu ni za mtu. Sasa umerudi, hesabu umepata. Mimi naomba haki yangu ya mchungaji."

Henki akanigeukia mimi aelezwe haki ya mchungaji ni nini. Nikamweleza: mwenyewe anamchagulia ndama, anamkabidhi kwa mkono, shahidi anaona.

Yule mzungu alikunja suruali, akatoka uani, akafunua wavu wa birika. Alichagua kwa muda mrefu. Alimtoa jike mkubwa kuliko wote, mwenye madoa ya mama yake, akamtia kwenye beseni la maji, akalibeba kwa mikono miwili mpaka mbele ya Boniphace.

"Huyu ni wako. Sasa ni wako kweli. Kasmiri, umeona?"

"Nimeona."

"Na hawa wengine... nakuwekesha tena. Mpaka nirudi." Safari hii hakutabasamu. Zile ngozi tatu alizifunga ndani ya gazeti lile, akazichukua, kama mwenye mali anavyotakiwa kufanya.

Mgeni alipoondoka, Boniphace alilisogeza lile beseni mpaka miguuni kwa mkewe. "Mama Susana, huyu ni wetu. Sema wewe."

Dada yangu alisema. Siku ya Alhamisi Isidori alikuja kutoka Bunda na pipa la maji garini, na makochi mekundu juu yake. Sebuleni hayakuenea yote. Mawili yako chumbani, moja liko kwangu. Boniphace alimsomea Isidori masharti nusu siku, na mpaka leo kila mwisho wa mwezi anapanda basi kwenda Bunda kumtazama yule jike, ingawa si wake tena. Anakaa baa, anaagiza soda na nyama ya ng'ombe.

Mwaka uliofuata nilihamia Kisorya kununua dagaa, na huko sikuwa na mahali pa kufuga. Yule mtamba niliyepewa na mzee Keraryo alikuwa ameshakuwa ng'ombe mzima, ana mimba. Kabla ya kuhama nikamswaga asubuhi mpaka Nyasho, nikamfunga kwenye mwembe wa jirani, nikamwambia shemeji nimekuja kumwekesha mpaka nirudi.

Boniphace alimzunguka, akamtazama pembe, akamtazama kwato, akataja alama zake kwa sauti. Kisha akatazama nyuma yangu, njiani.

"Shahidi wako yuko wapi?"

Nikamwambia sikuleta, nikarudi njiani kumtafuta.